Mshahara Haujaguswa, Lakini Umepungua: Makato ya Watumishi wa Umma na Nguvu ya Chama

Ukimuuliza mwalimu wa Makorora au muuguzi wa Hospitali ya Bombo, hapa Tanga, kama serikali imewahi kumkata mshahara, atakujibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Muulize afisa utumishi swali hilohilo, atasema hapana, na atakufungulia faili uone mwenyewe kwamba mshahara wa msingi wa mtumishi yule haujashuka hata shilingi moja tangu siku aliyoajiriwa. Wote wawili wanasema kweli. Ndiyo sababu ubishi huu kwenye baraza za kahawa za Ngamiani hauna mshindi: mmoja anazungumzia tarakimu iliyoandikwa juu ya slipu, mwingine ile iliyoandikwa chini.

Kukata mshahara waziwazi, kwa maana ya kumwambia mtu "ulikuwa unalipwa hiki, sasa utalipwa kile", ni jambo la nadra katika historia yetu. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa asilimia 40 tu ya mshahara, Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuoni, kisha akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20 na kuwapunguzia wakubwa wenzake serikalini. Nusu karne baadaye, mwaka 2016, Rais Magufuli alitangaza kwamba hakuna mkuu wa shirika la umma atakayelipwa zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi, akiwalenga waliokuwa wakichukua hadi milioni 40. Mara zote mbili waliokatwa ni wakubwa, na mtaani hakuna aliyewalilia.

Mtumishi wa kawaida hukatwa kimyakimya, na kwa njia tofauti. Inafaa kuzitenganisha, kwa sababu kila njia ina ofisi yake, sheria yake na silaha yake. Chama kinachopeleka hoja ya Bunge kwa mkurugenzi wa jiji kitarudi mikono mitupu hata kama hoja yenyewe ni ya haki.

Njia ya kwanza ni kusimamisha. Mshahara wa mtumishi wa umma umepangwa kwa ngazi na madaraja: kuna nyongeza ya mwaka ndani ya daraja lilelile, kuna kupanda daraja kila baada ya miaka kadhaa kwa mujibu wa muundo wa utumishi, na kuna marekebisho ya viwango ambayo kwa desturi hutarajiwa Mei Mosi. Mwaka 2016 uhakiki wa watumishi hewa ulipoanza, ukafuatiwa na uhakiki wa vyeti, vyote vitatu vilisimama au vilisuasua. Mei Mosi ya 2018, Iringa, Rais alisema wazi kwamba fedha zitatangulia kwenye miradi mikubwa. Haki itendeke: mwaka uleule wa 2016 kiwango cha chini cha kodi ya mshahara kilishushwa kutoka asilimia 11 hadi 9. Lakini viwango vya mishahara vilibaki pale pale hadi 2022.

Kubaki pale pale kuna gharama. Chukua mfano wa bei kupanda kwa asilimia 4 kila mwaka kwa miaka sita, kiasi ambacho hakuna mama wa sokoni Mgandini atakayekiona kikubwa. Shilingi milioni moja ya mwisho wa miaka hiyo inanunua kile ambacho laki saba na tisini ilinunua mwanzoni. Zaidi ya laki mbili imeondoka na hakuna waraka wowote ulioandikwa "punguzo la mshahara".

Kuchelewa daraja kunauma zaidi. Mwalimu aliyestahili kupanda mwaka 2016 akapandishwa 2021, kwa tofauti ya laki moja na nusu kati ya daraja na daraja, amepoteza milioni 9 katika miezi 60. Utaratibu wa mserereko uliokuja baadaye, wa kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye daraja alilostahili kuwa nalo, ulimweka mahali pake kwa siku za mbele. Ile milioni 9 ya nyuma ni habari nyingine.

Hapa ndipo sheria inapogawanya mambo kwa namna ambayo wanachama wengi hawajaelezwa vizuri. Kuna mgogoro wa haki na kuna mgogoro wa maslahi. Ukiwa na barua ya kupandishwa daraja yenye tarehe, na mshahara mpya haukuingia hadi miezi minane baadaye, hiyo miezi minane ni malimbikizo: unadai kilicho chako, na unaweza kukidai kwa vyombo vya sheria. Lakini ukisema "nilistahili kuandikiwa barua ile miaka mitano iliyopita", au "mshahara wetu hautoshi", unaomba kitu ambacho bado hujapewa. Huo ni mgogoro wa maslahi, na dawa yake ni meza ya majadiliano, na mwisho kabisa mgomo. Watu wengi wamepoteza miaka wakidai kama haki kitu ambacho sheria inakiona ni ombi.

Na ombi hilo unampelekea nani? Mwalimu wa shule ya msingi hapa jijini mwajiri wake kwenye makaratasi ni halmashauri. Nidhamu yake iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu. Shule yake inasimamiwa na TAMISEMI, sera ya elimu inatoka wizarani, kibali cha kumpandisha daraja kinatoka Ofisi ya Rais, Utumishi, na fedha yenyewe inatoka Hazina. Mkurugenzi anapowaambia watumishi kwamba hana la kufanya, mara nyingi si ujeuri. Mshahara wao haupiti kwenye mapato yake ya ndani, isipokuwa kwa wale wachache wa mikataba wanaolipwa na halmashauri yenyewe. Ndiyo maana Sheria ya Majadiliano katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 iliunda mabaraza ya majadiliano ya pamoja ngazi ya taifa, na kuyaachia mabaraza ya wafanyakazi ya kila taasisi mambo ya pale mahali: mazingira ya kazi, likizo, bajeti ya taasisi. Ukimsikia mjumbe wa baraza la halmashauri akiahidi kupandisha mishahara, ujue anaomba kura.

Njia ya pili ni makato yenyewe, na hapa lazima tushike kalamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kukata chochote kwenye ujira bila idhini ya sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi kwa deni lake. Ulinzi mzuri, ila una tundu kubwa: "idhini ya sheria". Bunge likipitisha sheria ya kukata, kifungu cha 28 hakikulindi tena.

Tumchukue mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000, aliyesoma kwa mkopo. Mfuko wa pensheni wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 50,000, na mwajiri anaongeza asilimia 15. Bima ya afya asilimia 3, elfu 30. Chama cha Walimu asilimia 2, elfu 20. Kodi ya mshahara, ikipigwa kwenye 950,000 iliyobaki baada ya pensheni, ni 115,500. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 150,000. Jumla ya makato ni 365,500, na kinachoingia benki ni 634,500. Bado hajakopa popote.

Kati ya makato yote hayo, lililopanda ghafla ni la Bodi ya Mikopo. Lilikuwa asilimia 8 hadi sheria iliporekebishwa mwishoni mwa 2016, likawa 15. Kwa mwalimu wetu hiyo ni tofauti ya elfu 70 kila mwezi, katika miaka ileile ambayo nyongeza zilisimama. Serikali ingetangaza kwamba inampunguzia mwalimu mshahara kwa asilimia 7 ya mshahara wa msingi, nchi ingetikisika. Ilibadilishwa tarakimu moja kwenye sheria ya mikopo ya wanafunzi, na mwisho wa mwezi akaunti ya benki ikaona kitu kilekile. Kwa utetezi wa upande wa pili: fedha ile ni deni la kweli, na inayorejeshwa ndiyo inayomsomesha mdogo wake mwalimu. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, na kiwango cha chini cha kodi kikashushwa tena hadi asilimia 8. Asilimia 15 ilibaki.

Kwa hiyo hata habari njema hufika ikiwa imepunguzwa. Mwongezee mwalimu huyo laki moja. Pensheni itachukua 5,000, bima 3,000, chama 2,000, Bodi 15,000, na kodi itaongezeka kwa 26,000 kwa sababu sehemu ya nyongeza inaingia kwenye kiwango cha asilimia 30. Anabaki na elfu 49. Halafu tunashangaa kwa nini watumishi hawapigi vigelegele.

Kuna kupishana kwingine kwa namna hiyohiyo. Mei Mosi ya 2022 Dodoma, Rais Samia aliwaambia wafanyakazi kwamba "lile jambo letu lipo", na siku chache baadaye Ikulu ikatangaza asilimia 23.3. Mei Mosi ya 2025 Singida ikaja asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Asilimia zote mbili ni za kima cha chini. Mwaka 2022 watumishi wengi wa madaraja ya kati walifungua slipu za Julai wakitafuta asilimia 23, wakakuta nyongeza ndogo mno, na manung'uniko yakawa makubwa kuliko kama wasingeahidiwa kitu. Tangazo halikuwa la uongo. Lilisikika vibaya, na sidhani kama waandishi wake walikuwa na haraka ya kusahihisha.

Sasa vyama viko wapi katika haya yote? Tanga ina la kujivunia hapa, ingawa vijana wengi wa mji huu hawalijui. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa serikali katika Tanganyika kilianzishwa hapahapa Tanga mwaka 1922, na kiongozi wake alikuwa Martin Kayamba, karani Mbondei. Wanachama walikuwa makarani na walimu wa serikali, na njia yao ilikuwa kalamu: barua yenye adabu kwa mkubwa, mkutano, klabu ya kusomea. Mwaka 1939 makuli wa bandari ya mji uleule walitumia njia nyingine wakidai ujira zaidi. Waligoma.

Mtumishi wa umma wa leo, kwa sheria, amesukumwa upande wa Kayamba. Baada ya uasi wa jeshi wa 1964 vyama huru vilivunjwa na kuundwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kikawa JUWATA mwaka 1978 chini ya chama tawala, na vyama vya kisekta kama CWT, Chama cha Walimu Tanzania, vikaibuka miaka ya 1990. Vizazi viwili vilikatwa michango ya chama ambacho kilikuwa mkono wa serikali. Ukitaka kujua kwa nini mwanachama wa leo hamwamini kiongozi wake, anzia hapo. Ongeza kwamba sheria inaruhusu hata asiye mwanachama kukatwa ada ya uwakala pale chama chenye wanachama wengi kinapotambuliwa na kuingia makubaliano hayo na mwajiri. Mantiki yake ipo, maana wote hufaidi kinachojadiliwa. Ila mtu aliyekatwa bila kuombwa hana haraka ya kuhudhuria mkutano wa tawi.

Mgomo unaruhusiwa, na masharti yake ni mengi. Lazima uwe mgogoro wa maslahi, upitie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku za usuluhishi ziishe bila suluhu, kura ipigwe kwa katiba ya chama, na taarifa itolewe. Huduma muhimu hazigomi: maji, umeme, afya, zimamoto, uongozaji wa ndege. Hivyo muuguzi wa Bombo kwa kawaida hana mgomo, mgogoro wake huishia kwa mwamuzi. Mwalimu anao, kwenye karatasi. Julai 2012 CWT iliwaita walimu kugoma wakidai, pamoja na mengine, nyongeza ya asilimia 100. Siku chache tu, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikasema mgomo ni batili kwa kutofuata utaratibu. Miaka miwili kabla, TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lilipopanga mgomo wa nchi nzima kudai kima cha chini cha 315,000, Rais Kikwete aliwaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba serikali haina uwezo huo na kwamba yuko tayari kuzikosa kura za wafanyakazi. Mgomo uliahirishwa. Tangu 2016 kuna kizuizi kingine, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma: mtumishi wa umma lazima kwanza amalize njia za ndani, yaani mamlaka yake na Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kukimbilia vyombo vya sheria za kazi. Wengi wamefika Tume ya Usuluhishi wakarudishwa mlangoni, na muda wa kukata rufaa kule walikotakiwa kuanzia ukawa umekwisha.

Kwa silaha butu namna hiyo, ushindi mkubwa wa vyama katika miaka ya karibuni haukupatikana kwa mgomo. Ulikuwa wa kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu, na ni nusu ushindi. Pensheni ni mshahara uliocheleweshwa, kwa hiyo kupunguza pensheni ni kupunguza mshahara wa kazi iliyokwisha kufanywa.

Kabla ya mifuko ya pensheni kuunganishwa kwa sheria ya 2018, mtumishi aliyekuwa mfuko wa PSPF au LAPF alipigiwa hesabu hivi: miezi ya utumishi, mara mshahara wa mwaka, gawanya kwa 540. Nusu ya jibu ilizidishwa kwa 15.5 ikawa mkupuo, yaani fedha anazolipwa mara moja anapostaafu, nusu nyingine ikawa pensheni ya kila mwezi. Kanuni mpya zilileta mambo manne kwa pamoja: kigawanyo kikawa 580, mshahara ukawa wastani wa miaka mitatu bora, mkupuo ukashuka kutoka asilimia 50 hadi 25, na kizidisho kikawa 12.5.

Mpe mstaafu wetu miaka 30 kazini na mshahara wa 1,200,000, na tuseme wastani wake ni huohuo. Kwa hesabu ya zamani angeondoka na mkupuo wa milioni 74.4 na pensheni ya 400,000 kwa mwezi. Kwa kanuni za 2018 mkupuo ungekuwa takriban milioni 27.9 na pensheni 558,600. Watetezi walisema pensheni ya mwezi imepanda, na ni kweli. Lakini ile milioni 46 na nusu iliyoondoka kwenye mkupuo, ukiirudisha kwa tofauti ya pensheni, inachukua miaka 24 na zaidi. Anayestaafu na miaka 60 angelazimika kufika 84 ili wawe sawasawa, bila kuhesabu kupanda kwa bei.

Watumishi walipiga kelele, vyama vikafuata (kwa mpangilio huo, kwa maoni yangu), na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliamuru kikokotoo cha zamani kiendelee hadi 2023. Julai 2022 kikaja kipya: asilimia 33 kwa wote, mara hii kwa makubaliano ya serikali, waajiri na TUCTA. Wanachama wengi waliona kwamba waliowatuma kupinga ndio waliokubali. Bajeti ya Juni 2024 ikapandisha hadi 40 kwa wale waliotoka kwenye 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25.

Kwa mstaafu wetu, asilimia 40 ni mkupuo wa karibu milioni 44.7 na pensheni ya kama 446,900. Linganisha na zamani: mkupuo umepungua kwa milioni 29.7, pensheni imeongezeka kwa elfu 47 hivi. Kufidia pengo hilo kunahitaji zaidi ya miaka 52 ya kustaafu.

Serikali ina hoja yake. Mifuko ilikuwa hoi, kwa sehemu kwa sababu watumishi wa serikali kuu walianza kuchangia mwaka 1999 tu, na PSPF ikawa inawalipa watu mafao ya miaka ambayo hakuna aliyeichangia. Deni hilo lilikuwa la serikali, na ilipoanza kulilipa ilitoa hati fungani za shilingi trilioni 2.17. Mtumishi anaweza kuuliza kwa haki kwa nini nakisi iliyotokana na mwajiri ifidiwe na mkupuo wa mwajiriwa, na swali hilo lina nguvu kuliko laana zote zinazorushwa Mei Mosi.

Tatizo ni kwamba mabango yanadai asilimia 50. Ipige hesabu. Ukirudisha asilimia 50 leo na kuacha mengine yalivyo, mstaafu wetu atapata mkupuo wa milioni 55.9, sio 74.4, na pensheni ya 372,400, pungufu ya ile 400,000 ya zamani. Asilimia ni mgawanyo tu kati ya mkupuo na mwezi. Kupungua kwenyewe kumo kwenye 580 na 12.5, tarakimu mbili ambazo sijaziona kwenye bango lolote Mkwakwani, na ambazo zinaweza kubadilishwa bila kwenda Bungeni kwa kuwa zimo kwenye kanuni. Mjumbe wa tawi anayepeleka hoja ngazi ya mkoa mwaka huu anaweza kuanzia kwenye hizo.